Neema Imwagwayo: Maziwa ya Garissa na Jua Letu

Amma baad. Enyi ndugu zetu Waislamu, mto wa Tana upitao Garissa ndio huo huo umalizikiao Kipini. Basi msiba wa ndugu zetu wa huko bara si mgeni kwetu sisi watu wa pwani.

Ngamia hukamwa malishoni, mbali na mji. Maziwa hutiwa madumuni, yakasafirishwa katika joto lizidilo digirii 30 hata yawafikie akina mama wauzao sokoni. Maziwa ya ngamia hustahimili kuliko ya ng'ombe, lakini pasipo ubaridi vijidudu huzidi kuzaana kila saa. Yakiharibika, hasara humwangukia mama yule, ambaye pengine ameyachukua kwa deni. Na ashawishikaye kuchanganya mabovu na mazima huingia katika ghushi, nayo ni haramu.

Wako wasemao, "Imeandikwa." Lakini Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya ngamia, aliamuru afungwe kwanza, kisha ndipo mtu amtegemee Mungu. Twadhani israfu tuliyokatazwa katika Suratul A'raf, aya ya 31, ni ya karamuni tu. Ilhali kuacha riziki ioze, na njia ya kuihifadhi ipo, nako ni israfu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa yapata theluthi ya chakula cha wanadamu hupotea au hutupwa.

Na dawa i juu ya vichwa vyetu. Tangu mwaka 2019 Garissa ina kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 hivi. Jua hilo hilo liharibulo maziwa laweza kuyahifadhi: mabamba hugeuza mwanga kuwa umeme, umeme huendesha jokofu, na barafu igandishwayo mchana hutunza baridi usiku, pasipo haja ya betri kubwa. Maziwa yakipozwa mapema hadi digirii 4, vijidudu hudumaa.

Ni kweli, bei yake yamshinda mama mmoja. Lakini wazee wetu waliweka wakfu visima na minazi. Kwa nini matajiri wetu wasiweke wakfu jokofu la jua hapo maziwa yakusanywapo, pamoja na fungu la kumlipa fundi? Maana chombo kisicho mwangalizi hakidumu.

Kumpa mama sadaka baada ya maziwa yake kumwagwa ni wema. Kuyazuia yasimwagwe ni wema zaidi, kwani humwachia riziki yake na heshima yake. Mwenyezi Mungu atuwafikie. Amin.