Deni la Nengonengo

Ukikwangua gome la mzizi wa nengonengo, mti unaojulikana sana Usukumani, hutoka harufu ya dawa ya kuchua misuli. Ndivyo ilivyo hasa: mzizi huo una metili salisileti, kiungo cha dawa hizo za dukani. Mganga huutambua kwa harufu hiyo, na anajua kwamba kipimo kikizidi huua. Mkemia wa leo anaweza kufanya kazi bila mzizi wala harufu. Molekuli ikishachapishwa jaridani, huandikwa kama mstari wa herufi. Kisha programu hupima jinsi inavyoweza kushikana na protini ya kimelea na kupanga maelfu ya nyingine kama hiyo kwa kiwango cha matumaini. Kanzidata ya mimea ya Afrika Mashariki iliyotolewa mwaka 2020 ina molekuli zipatazo 1,870 kutoka spishi 300 hivi, zilizokusanywa katika maandishi ya 1962 hadi 2019. Mtu anaweza kuichambua yote bila kukanyaga Bariadi, huko Usukumani. Ikiwa hakuna jani lililochumwa wala mzee aliyeulizwa, je, yupo anayedaiwa?

Yupo, kwa sababu deni hufuata ujuzi. Kompyuta haianzi gizani. Mwaka 2001 Fabricant na Farnsworth walionyesha kwamba kati ya kemikali 122 za mimea zinazotumika kama dawa, asilimia 80 hutibu maradhi yale yale, au yanayokaribiana nayo, ambayo jamii zilitibu kwa mimea hiyo. Mimea mingi ilifikishwa maabara kwa kuwa mtu fulani alikwisha kusema kwamba huu ni wa tumbo, ule ni wa homa. Basi orodha anayoichekecha mtafiti ilikwisha kuchekechwa na waganga. Alama inayotolewa na programu ni dhana inayosubiri kupimwa. Kauli ya mganga, pamoja na upungufu wake wote, imetokana na miili ya watu walioumwa.

Wapo watakaosema, tena kwa imani safi, kwamba molekuli ni kazi ya Mungu, ilikuwepo kabla ya Msukuma wa kwanza, na aliyepewa bure hana cha kudai. Hoja hiyo naiheshimu, ila ikishikwa kwa uaminifu humbana kwanza anayekwenda kusajili hataza. Isitoshe, mti kuwepo mpaka leo hakukutegemea maumbile peke yake. Usukumani kuna ngitili, eneo ambalo mifugo huzuiwa kuingia tangu mvua zinapoanza ili malisho yabaki hadi kiangazi kikali. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, Bariadi, ambayo leo iko Simiyu, ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa imebaki tupu. Wafugaji wakafufua ngitili, na pamoja na nyasi ikarudi miti ya dawa. Mungu aliumba; waliotunza ni watu waliowazuia ng'ombe wao kula majani wanayoyaona.

Pingamizi zito zaidi ni la uganga wenyewe. Usukuma umelipa kwa damu ya vikongwe walioshukiwa uchawi kwa wekundu wa macho, na ya watu wenye ualbino. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Anayeogopa kuutukuza uganga ana sababu. Lakini kumlipa mtu kwa ukweli aliousema hakutulazimishi kuupokea uongo wa jirani yake. Hapa ndipo kompyuta na maabara zinapoutendea haki ujuzi wa jadi: zinaupima, na kinachoshindwa kipimo kinaachwa.

Linabaki suala la nani alipwe, maana nengonengo haujulikani na mganga mmoja. Mkataba wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani (WIPO) uliopitishwa Mei 2024 unataka mwombaji wa hataza ataje chanzo cha rasilimali ya kijenetiki na ujuzi wa jadi ambavyo uvumbuzi wake umevitegemea. Ni hatua njema, ila molekuli iliyosomwa katika makala ya miaka mingi iliyopita mara nyingi hubeba jina la spishi tu. Kwa hiyo kanzidata zenyewe zinapaswa kuandika, kando ya kila molekuli, mmea ulichumwa wapi na ulijulikana kwa tiba gani kwa watu wa huko. Na ugumu wa kugawana mali ya wengi si mgeni Simiyu: vijiji vyenye ngitili ya pamoja huiendesha kwa serikali ya kijiji na mkutano wa wanakijiji, na mapato ya ngitili za namna hiyo yamewahi kujenga madarasa.