Jumatano: Mwalimu Ajifunzaye Kungoja

Soma Kutoka 35:25–35. Mbali na ustadi wa mikono, Mungu alitia nini kingine moyoni mwa Bezaleli na Oholiabu? (Angalia aya ya 34.)

Bezaleli alijua kufua dhahabu, kuchonga mbao na kukata vito. Lakini maskani isingejengwa na watu wawili, hivyo Mungu aliwapa pia moyo wa kufundisha wengine. Zingatia kwamba wanafunzi wao hawakuja watupu. Wanawake walikuwa wamekwisha kusokota nyuzi kwa mikono yao, na kila fundi aliyeitwa alikuja na hekima aliyopewa na Bwana (Kutoka 36:2). Mwalimu alikuta Mungu ametangulia kufika.

Ni rahisi kukiri hivyo, mpaka tuketi kumfundisha mtu mzima mwenye ulemavu wa akili. Nilipoanza kufundisha ususi wa ukili katika darasa la namna hiyo, dada mmoja alisuka mkeka wake kombo. Nikaufumua, nikausuka upya, ili upendeze kwenye maonyesho ya makambi. Alipouona hakuugusa tena. Siku ile nilitambua kwamba nilikuwa nikiyatumikia maonyesho, na yeye nimemsahau.

Judith Scott alizaliwa Marekani mwaka 1943 akiwa na sindromu ya Down. Alikuwa kiziwi pia, lakini kwa miaka mingi hakuna aliyegundua. Akiwa na miaka 7 alitenganishwa na pacha wake, akawekwa katika taasisi za walemavu, akaishi huko zaidi ya miaka 30. Mwaka 1987 pacha wake, aliyekuwa amemchukua, alimpeleka Creative Growth, karakana ya sanaa ya watu wazima wenye ulemavu huko Oakland, California. Karibu miaka miwili alichorachora tu bila hamu. Hakufukuzwa. Kisha akaingia katika darasa la nyuzi la msanii Sylvia Seventy. Hakufuata somo lililokuwa likifundishwa. Alianza kuviringishia nyuzi vitu alivyojichagulia mwenyewe, na walimu wakamwachia. Aliendelea hivyo hadi alipofariki mwaka 2005. Leo kazi zake zimo katika majumba ya makumbusho.

Je, kama wangechoka mwezi wa sita?

Soma 1 Wakorintho 12:22. Viungo vinavyoonekana kuwa dhaifu, Paulo anasema vina nafasi gani katika mwili?

Paulo hakuandika kwamba viungo hivyo vinastahili huruma. Alisema vinahitajika. Kanisa linalowapa wenye ulemavu wa akili kiti tu, na kuwanyima kazi, linakosa kitu ambacho Mungu amekiweka mikononi mwao.

Tafakari: Ni nani kanisani kwako ambaye hufanyiwa kila kitu, wala haombwi kufanya lolote? Juma hili mkabidhi kazi halisi. Keti karibu naye, uzuie mkono wako usimsahihishe, ukangoje. Sabato uwaeleze wenzako amekufundisha nini.