Maji Chini ya Mazutu

Huku Kigwena, nozeli za lori zikifa, neno la kwanza utakalosikia ni kwamba Mungu ndiye aliyepanga. Kudura naiamini, ni nguzo ya imani yangu. Lakini maji yaliyokutwa ndani ya tangi yalimiminwa na mkono wa mtu, na mkono huo una maswali ya kujibu.

Lori ninaloendesha ni Isuzu. Linapeleka mawese na ndagala Bujumbura kwa barabara ya ziwani, kupitia Rumonge. Miaka hii ambayo mafuta yamekuwa adimu Burundi, vituo vikikauka tunanunua mazutu ya bidoni yaliyovuka kutoka Tanzania au Kongo. Injini za zamani zilivumilia: nozeli zake zilifunguka kwa bar 200 hivi. Hizi za sasa zinasukuma mazutu kwa bar 1,600 na kuzidi, na nafasi kati ya vyuma vyake vya ndani ni mikroni chache tu, wakati unywele wa mtu una kama 70. Tone la maji likifika huko, chuma kinaliwa na kutu, ncha ya nozeli inaharibika, na seti nzima ni pesa ya kuuza ng'ombe.

Ndiyo maana tajiri alikubali tuongeze chujio. Fundi alilifunga kwenye chasisi, kati ya tangi na pampu: la mikroni 30, lenye kikombe kinachoonyesha ndani na kizibo cha kutolea maji. Lile laini zaidi lilibaki karibu na injini. Nilipomuuliza kwa nini asitangulize lile laini, alinieleza kwamba upande huo pampu inavuta. Ukiibana, inakosa mafuta na kuanza kunyonya hewa. Sasa kila alfajiri, kabla ya kuwasha, utingo anafungua kizibo na kukinga kwa chupa. Maji yanakaa chini, meupe, yana vumbi la kutu. Mazutu ya manjano yanaelea juu yake, na mpaka wa katikati umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Mengine ni jasho la tangi lenyewe, maana tangi likilala nusu katika unyevu wa ziwa hili hutoa maji usiku. Lakini jasho halijazi nusu chupa.

Wapo walioniambia kwamba kufunga chujio ni upungufu wa kutawakali. Hoja hiyo hainisumbui. Lori si langu, ni amana, na amana hulindwa.

Linalonisumbua ni neno la wauzaji: anayekuja kununua bidoni njiani anajua anachokijia, na mwenye chujio hadhuriki, kwa hiyo dhambi iko wapi? Nimelifikiria sana. Katika Sahihi Muslim, Abu Huraira amesimulia jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyopita penye lundo la chakula, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikatoka na majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume hakumkataza kuuza. Alimuuliza mbona ile sehemu iliyolowa hakuiweka juu watu waione. Na wanazuoni wa fikihi wanampa mnunuzi aliyefichwa aibu ya bidhaa haki ya kuirudisha. Aliyeonyeshwa akaridhika, hana dai.

Sasa tazama mazutu. Nafaka iliyolowa unaweza kuiweka juu. Maji ni mazito kuliko mazutu; hata ungetaka, hayakai juu, yanashuka chini ya bidoni ambako jicho halifiki. Basi ulimi ndio unaobaki kuyaonyesha. Mimi kujua kwamba naweza kudanganywa si ruhusa ya kunidanganya, na chujio langu halimtakasi mtu.

Tena chujio lina mwisho wake. Mafuta ya taa yakichanganywa na mazutu hayajitengi, wala kikombe hakiyaonyeshi. Ni mepesi, hayalainishi pampu inavyotakiwa, nayo inajisaga yenyewe kidogo kidogo mpaka siku inapokata barabarani, pengine na abiria juu ya mzigo. Hapo fundi hana kifaa cha kuniuzia. Kinachonilinda ni hofu ya Mungu iliyo moyoni mwa aliyeshika bidoni.

Kwa hiyo mchujo wa chupa zetu hatumuuzii mtu, ingawa wanaoutaka wapo, tena wanajua pa kuurudisha: ndani ya bidoni ya mwingine.

Nawaomba ninyi ndugu zangu mnaouza kati ya Rumonge na Nyanza-Lac: semeni kabla ya kumimina. Kama yameingia maji, sema. Kama yamechanganywa, sema. Tutapatana bei yake, na mwenye injini kongwe inayoyaweza atayanunua kwa moyo mweupe.