Muhula Umekwisha, Rudini kwa Watu Wenu



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, ukitoka Kampala kwenda Entebbe, upande wa ziwa, iko Ghuba ya Lutembe. Tangu 2006 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu duniani, na sifa yake kubwa ni wageni. Baridi inapoingia Ulaya na Asia, ndege wa majini waitwao buabua, wenye mabawa meupe, huja huku kwetu kufuata joto na chakula. Wamewahi kufika zaidi ya milioni moja. Hula wadudu wa ziwani miezi kadhaa, kisha baridi ikipungua kule, huondoka kurudi kwao. Hakuna aliyewafukuza. Ziwa halijakauka wala wadudu hawajaisha. Lakini kiota chao hakiko Lutembe. Hapa ni pa kula. Pa kutaga na kulea ni kwao.

Allah ametutaka tuwatazame ndege. Katika Suratul Mulk anatukumbusha jinsi wanavyokunjua na kukunja mbawa juu yetu, na hakuna anayewashikilia ila Yeye. Tuwatazame basi, kisha tujitazame.

Makureshi nao walikuwa na safari yao ya majira ya baridi. Wafasiri wanaeleza kwamba walikwenda Yemen kwenye joto, na wakati wa joto wakaenda Sham. Kisha walirudi Makka, bonde lisilo na mimea. Na huko huko nyumbani ndiko Suratu Quraysh inakowadai shukrani: wamwabudu Mola wa Nyumba ile, aliyewalisha na kuwapa amani. Faida ya safari huulizwa nyumbani.

Sisi wanafunzi, chuo ndicho Lutembe yetu. Mmoja katoka Yumbe, mwingine Iganga, mwingine Kasese, na wengine wamevuka mpaka kutoka Mombasa na Bukoba. Hapa pana maktaba, pana intaneti, pana darsa baada ya Maghrib na marafiki wa kheri. Tumekula tukashiba. Hatari ni kushiba hadi kusahau kiota. Anayebaki mjini likizo kwa kibarua cha kutafuta ada, Allah amfungulie. Nasema na yule ambaye hana kinachomzuia. Mama akipiga simu, jibu ni "nina shughuli". Akienda, hukaa siku mbili, macho kwenye simu, na ijumaa anamsahihisha imamu wa kijiji mbele ya waumini, mzee aliyemfundisha alif na ba.

Sikilizeni kisa cha Malik bin Huwayrith (r.a.), alichokipokea Bukhari. Yeye na vijana wenzake wa rika moja walikuja kwa Mtume (s.a.w.) wakakaa kwake siku 20. Mtume alipohisi kwamba wamewakumbuka watu wao, aliwauliza wamewaacha akina nani nyumbani. Walipomweleza, aliwaamuru warudi, wakae nao, wawafundishe, na wakati wa Sala mmoja wao aadhini na mkubwa wao aongoze. Hakuwaambia wangoje hadi wawe maulamaa. Siku 20 zilitosha kuwapa la kurudi nalo. Wewe una mwaka wa pili hapa, au wa tatu. Unarudi na nini?

Na Suratut Tawba, aya ya 122, inataka kundi litoke kujifunza dini ili liwaonye watu wake litakaporejea kwao. Kutoka ni nusu ya kazi. Kurejea ndiyo nusu ya pili.

Basi tushike haya. Wapigie nyumbani uwaambie unakuja, kwani Mtume (s.a.w.) hakupenda msafiri awaingilie watu wake usiku kwa ghafla. Ukifika, anzia msikitini kwa rakaa mbili, kama ilivyokuwa ada yake. Kaa na wazazi, ushike jembe, uchote maji. Mfundishe mdogo wako sura moja ya Juzuu Amma na hesabu zinazomshinda. Kama imamu amekosea, mfuate faraghani kwa adabu. Na usisahau kusikiliza, kwani wazee wana elimu isiyo katika daftari zetu.

Mwisho, ndugu zangu, dunia yote ni mahali pa kupisha baridi. Kwa Allah ndiko tutakakorejea, na anayezoea kurudi kwa wazazi wake na deni la shukrani mkononi, huyo anajizoeza marejeo yale makubwa.

Ewe Mola wetu, tufikishe salama, warehemu wazazi wetu, na ijaalie elimu yetu iwe na manufaa kwa waliotutuma. Amin.

Wabillahi tawfiq.