Mji Ukiondoa Upepo

Wapo watu wanaohama mji kwa ajili ya upepo. Upepo wenyewe, huu unaopeperusha kanga kambani. Mtu ana kazi Nairobi au Berlin, ana nyumba, ana majirani waliomzoea, kisha siku moja anafunga virago na kuhamia Diani, au Paje kule Unguja, au Tarifa kusini kabisa mwa Uhispania, kwa kuwa huko upepo huvuma kwa nguvu na kwa saa za kutosha kumwezesha kusimama juu ya ubao wenye tanga na kuteleza baharini mpaka jioni. Ukiwasimulia wazee huku Mbololo, kwenye milima ya Taita, kwanza wanacheka. Wakimaliza kucheka wanauliza: sasa huyo analipwa na nani?

Swali lao ni zito kuliko linavyosikika, na nitalifikia. Kwanza tumtendee haki mpenda upepo.

Mchezo huu una masharti. Aliye mgeni wa ubao anatoshwa na upepo wa kasi ya noti 10; anajikokota, anaanguka, analivuta tanga kutoka majini kwa kamba, anaanza upya. Ukifika noti 15 au 20, kwa aliyekwisha kujua, ubao unaacha kulima maji na kukaa juu yake, na mikono iliyoshika tanga inahisi kila kipigo cha hewa. Mwelekeo nao una neno lake. Upepo unaotoka bara moja kwa moja ni hatari, maana ukianguka utakupeleka usikotaka. Unaotafutwa ni ule unaokuja kimshazari na kupita kando ya ufuo. Maji nayo yawe yametulia, kazi ambayo katika pwani yetu hufanywa na mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi kabla hayajafika. Diani ina vyote hivyo kwa misimu miwili: kusi, tangu Mei hivi mpaka Septemba, na kaskazi, tangu Desemba mpaka Machi. Pwani zenye bahati hiyo si nyingi. Kwa hiyo anayesema amehama kwa sababu ya upepo anatoa sababu iliyo wazi, inayopimika, na kwa kweli safi kuliko nyingi nilizowahi kusikia. Wengi wetu tukiulizwa kwa nini tunaishi tunapoishi, tungebabaika.

Upepo huo huo sisi pia tunao. Kusi inapotoka baharini huvuka nyika ya Taru, ikapita juu ya Maungu na Voi bila kuacha hata tone, kisha ikagota kwenye milima ya Taita. Hapo hewa haina njia ila kupanda. Ikipanda inapoa, na ikipoa inageuka ukungu. Msitu wa Mbololo unaishi kwa ukungu huo. Asubuhi za Julai majani ya juu hudondosha maji ingawa mvua haijanyesha, na mtu akipita chini yake hutoka na mabega mabichi na uso mkavu. Mna humo ndege mmoja mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika vipande vichache vya misitu ya Taita. Na kuna ua dogo la zambarau, linaloota penye kivuli na mawe, ambalo wanasayansi wamelipa jina la Taita. Ndege huyo ana mabawa, lakini hata bonde la mashamba kati ya msitu na msitu humpa taabu kulivuka. Maisha yake yote yanategemea upepo kuliko ya mchezaji yeyote wa Diani, na hawezi kuufuata hatua moja. Anaungoja uje.

Wadawida, wenyeji wa milima hii, walipata njia ya katikati. Kwa utaratibu wa zamani, jamaa moja ilikuwa na shamba juu kwenye baridi, jingine tumboni mwa mlima, na jingine chini nyikani. Mwaka wa ukame kule chini, juu huponyoka. Mwaka wa baridi kali juu, chini huokoa. Badala ya watu kuifuata hali ya hewa, ukoo ulijitandaza mlimani ili hali ya hewa, iwayo yote, imkute mtu mmoja wa nyumba akiwa na jembe. Siku hizi ardhi imekatwakatwa, na huko chini tembo wa Tsavo, hifadhi iliyomeza zaidi ya nusu ya kaunti yetu, huvuna kabla ya mwenye shamba. Fikra yenyewe bado haijafa.

Sasa tuulizane mahali ni nini. Mtu akisema, nimehamia mji huu kwa ajili ya upepo, ameutaja mji au ameutaja upepo? Ninao mtihani mmoja ambao napenda kuutumia: ondoa sababu iliyokuleta, kisha tazama kilichobaki. Ukiondoa upepo, Diani inabaki na Wadigo na kaya zao, misikiti, barabara ya magari kwenda Ukunda, muuza viazi karai, kesi za ardhi zisizokwisha. Kwa aliyekuja kwa upepo, hayo yote ni mandhari. Hayaoni kwa sababu hayahitaji, na hilo halimfanyi kuwa mtu mbaya.

Kuna jambo la historia linalonichekesha hapa. Mwaka 1756 mwanafalsafa Immanuel Kant, aliyekuwa bado kijana wa miaka 32, alichapisha kijitabu kuhusu pepo za dunia. Humo alieleza jinsi joto la jua na mzunguko wa dunia vinavyozaa pepo za misimu, hizi hizi zinazotawala bahari yetu. Mtu huyu alizaliwa katika mji wa bandari wa Königsberg, akafundisha hapo, akafa hapo, na katika maisha yake yote hakusafiri mbali nao. Aliijua sababu ya kaskazi bila ya kaskazi kumpiga usoni. Karibu miaka 30 baadaye aliandika kwamba binadamu asitumiwe kuwa njia tu ya kufikia lengo la mwingine. Alisema juu ya watu, hakusema juu ya miji, nami sidai kwamba mji unadhulumiwa mtu akitumia upepo wake. Upepo haupungui kwa kutumiwa. Hasara iko upande wa mtumiaji. Anayeufanya mji kuwa chombo cha jambo moja hujikuta anaishi ndani ya jambo hilo moja, na ni chumba chembamba.

Mtu ataniambia kwamba pwani yote ya Waswahili ilijengwa na watu waliofuata upepo, kwa hiyo kosa la mgeni wa leo liko wapi? Hoja ni nzuri, na jibu lake liko ndani ya majahazi yenyewe. Manahodha wa Oman, wa Ghuba na wa Bara Hindi walikuja na kaskazi, na wakishafika, upepo ule ule uliowaleta uliwafungia mlango. Hakuna aliyerudi mpaka kusi ianze. Katika miezi hiyo ya kungoja, sababu ya safari ilikuwa imekwisha: mzigo umeuzwa, boriti zimenunuliwa, na mtu yuko Lamu au Mombasa hana la kufanya isipokuwa kuwapo. Hapo ndipo alipokopa na kudaiwa, akaugua akauguzwa, akagombana, akaposa, akazika. Si ukoo mmoja wala koo mbili za Pwani zinazomtaja babu aliyekuja na kaskazi asirudi na kusi. Mimi naamini, na wanahistoria wanisamehe, kwamba upepo uliokuwa ukivuma ulileta bidhaa tu. Watu wa Pwani walizaliwa na upepo uliokuwa haujaja.

Na asiyetaka kungoja alilipa. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa pale, na akavuka hadi pwani ya India kwa siku 23. Wakati wa kurudi hakuwa na subira ya msimu. Alivuka bahari ile ile kwa karibu miezi mitatu, kiseyeye kikiwamaliza mabaharia wake, hata alipofika Malindi Januari 1499 hakuwa na watu wa kutosha kuendesha merikebu zote, na moja ikabidi ichomwe moto.

Leo hakuna anayelazimika kungoja. Upepo ukilegea Diani mwezi wa nne, mpenda upepo anapanda ndege kuufuata kwingine, na Novemba ikimkuta amechoka huko, Cape Town inaanza msimu wake. Anaweza kuzunguka miaka mingi bila kuuona mji hata mmoja ukiwa umetulia. Yeye huita hali hiyo uhuru. Sikatai kwamba ni aina fulani ya uhuru. Nasema tu kwamba baharia aliyekwama Lamu alipata kitu ambacho tiketi imemnyima huyu.

Lakini nikiusifu mno ukwamaji nitakuwa nimewasahau watu wa Kasigau. Mwaka 1915, katika Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya mpaka waliushambulia mlima wa Kasigau, na Waingereza wakawashuku wenyeji kuwa waliwasaidia. Wakawahamisha wote wakawapeleka Malindi. Watu wa mlimani, waliozoea baridi na maji ya vijito, wakamwagwa kwenye joto na malaria, na wengi walikufa huko. Walionusurika walikaa miaka mingi kabla ya kurudi mlimani kwao. Kaskazi ilikuwa ikivuma Malindi miaka yote hiyo, nzuri kabisa, kimshazari kando ya ufuo. Leo kuna watu wanaolipa fedha nyingi kuvutwa na tiara juu ya maji ya pwani hiyo. Kwa hiyo hata mtihani wangu wa kuondoa sababu una mipaka: mtu aliyepelekwa mahali bila sababu yake mwenyewe hana cha kuondoa, na bado mahali hapo hapakuwa kwake. Kungoja humzalia matunda yule ajuaye kwamba upepo wa kurudi utakuja.

Sasa niwajibu wazee. Analipwa na nani? Analipwa na watu walio mbali, kwa intaneti, upepo uvume usivume. Serikali yenyewe imeliona hilo. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza kibali cha daraja N kwa wageni wanaofanya kazi za nje wakiwa wanaishi hapa. Tumweke kando yake kijana wa Mbololo, wa kubuni, ingawa mnamjua. Amemaliza shule, Voi haina kazi, anapanda matatu mpaka Mombasa, anavuka Likoni, anafika Diani. Kibali hahitaji, anahitaji nauli. (Hata maji yetu yalimtangulia: bomba la chemchemi za Mzima limekuwa likipeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950, na Voi bado ina madumu yaliyopangwa foleni.) Anaanza kwa kubeba ubao wa wageni, kuosha matanga kwa maji baridi ili chumvi isiyale, kukimbia ufuoni kumpokea anayetua. Msimu wa tatu ameshajua kufundisha. Naye sasa anaishi kwa upepo, tena kwa ukamilifu zaidi kuliko mwanafunzi wake, maana noti zikishuka chini ya 10, kipato chake nacho kinashuka.

Kwa hiyo watu wawili wamefuata upepo mmoja hadi ufuo mmoja, na tofauti yao haionekani siku ya upepo. Siku ya upepo wote wawili wako majini na wote wawili wanacheka. Inaonekana katika maleleji, pepo zinapobadilishana zamu na bahari kuwa kama kioo. Mmoja anatafuta ndege. Mwingine anapiga simu nyumbani.

Na hapa kuna jambo ambalo falsafa yangu haikulitarajia. Maleleji huangukia wakati wa mvua. Jua likivuka ikweta, pepo hulegea na ukanda wa mvua hupita juu yetu, mara moja kuelekea kaskazini na mara nyingine ukirudi. Ndiyo maana Aprili na Novemba, miezi mibovu ya tanga, ni miezi ya jembe. Kijana anapokosa kazi Diani, mama yake Mbololo anakosa mikono shambani. Anarudi, anapalilia mahindi na maharage, anakaa mpaka kusi ikaze. Ukimwuliza kama amehamia Pwani, hataelewa swali. Hajahama. Ukoo wake umeongeza shamba la nne, chini kabisa ya mlima, nalo limejaa maji ya chumvi. Sisemi maisha yake ni mepesi, na yule mgeni angeweza kumfundisha mengi kuhusu akiba na bima. Lakini kati ya hao wawili, yeye ndiye ambaye upepo ukikoma kuna mahali panapomwita kwa jina.

Mimi simkatazi mtu kuhamia mji kwa ajili ya upepo. Ningemshauri tu asiende kuutazama Julai au Januari, tanga linapojaa na kila kitu kinapendeza. Aende Aprili. Apange chumba mwezi mzima, ubao auache nyumbani, anunue samaki kwa mtu yule yule kila siku, ajue anakodi kwa nani na jirani anasumbuliwa na nini. Mvua itamfungia ndani na intaneti itakatika. Na kodi huwa nafuu msimu huo.