Uso wa Sarafu na Amana Yake

Wako watu wanaokusanya sarafu za madini ya fedha za Warumi wa kale. Wengine huiona kazi hiyo kuwa starehe tu. Lakini mwenye kuzipanga kwa miaka na kuzipima kwa mizani husoma humo habari nzito: namna udanganyifu unavyoingia katika nchi kidogo kidogo.

Sarafu hiyo iliitwa denarius, na neno dinari limetokana nayo. Ilianza kupigwa yapata mwaka 211 kabla ya Nabii Isa, Roma ilipokuwa ikipigana na Hannibal, nayo ilikaribia kuwa fedha tupu. Mwaka 64 baada ya Nabii Isa, Nero aliipunguza uzito na kuichanganya na shaba. Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya, aliongeza mishahara ya askari. Kwa zama zake fedha ilishuka hadi kama nusu. Kufikia mwaka 270, sarafu za Roma zilizoitwa za fedha zilikuwa shaba iliyopakwa fedha juu. Tangu Nero hadi hapo uso wa mfalme haukuondoka. Jina lilibaki, kitu kikatoweka.

Ama mfalme, hukumu yake ni wazi. Sarafu ni amana, na mwenye kuipunguza kwa siri ni sawa na muuza nafaka mwenye kibaba pungufu. Qurani ina sura nzima yenye jina la wapunjao, Al-Mutaffifin.

Swali gumu ni la raia. Ameipokea sarafu mbovu kwa jasho lake. Je, akimpa mwenziwe hali anaujua ubovu wake, naye ni mdanganyifu? Atasema: "Sikuipiga mimi, na watoto wanataka kula." Neno hilo lina haki ndani yake. Ikiwa mpokeaji naye anajua, basi wote wawili wamedhulumiwa, na bei itapanda. Lakini anayemtafuta asiyejua, mjane au mgeni, ili amtwike hasara yake, huyo amekuwa Nero mdogo.

Wenye uwezo walizificha sarafu njema. Huko Reka Devnia, Bulgaria, mwaka 1929 zilifukuliwa zaidi ya 80,000, zilizozikwa katikati ya karne ya tatu. Akiba haiozi, lakini mwenyewe hakurudi kuichukua. Sokoni maskini aliachiwa mbovu. Mwaka 301 Diocletian aliweka bei kwa amri, na adhabu ya mvunjaji ikawa kifo, bei hazikutii. Upanga haurudishi imani iliyovunjwa.

Noti zetu za leo hazina hata chembe ya fedha. Ni ahadi tupu juu ya karatasi, na hivyo amana yake ni kubwa zaidi. Na kila mmoja wetu anayo sarafu yenye uso wake: neno lake, sahihi yake, kazi yake ya siku. Tujiulize, ndani yake imebaki fedha kiasi gani?