Haki ya Kuku Mgonjwa na Hukumu ya Mwenye Kumwokota

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeumba kila chenye roho akakikadiria riziki yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baadu. Huenda msomaji akaliona jina la waraka huu akacheka, akasema, "Je, maulamaa wamekwisha mambo ya kuandika hata wamefikia kuku?" Na ajue kwamba vitabu vya dini yetu havikumwacha kuku. Abu Musa al-Ashari amepokea kwamba alimwona Mtume (s.a.w.) akila nyama ya kuku. Na Mtume amekataza jogoo asitukanwe, kwa kuwa yeye huamsha watu kwa Sala. Na Sheikh Kamaluddin ad-Damiri, mwanachuoni wa madhehebu yetu aliyefariki mwaka 808 wa Hijra (1405), yule aliyeisherehesha Minhaj ya Imam Nawawi, ndiye huyo huyo aliyetunga kitabu kikubwa cha khabari za wanyama, na kuku ana mlango wake humo. Basi acheke atakaye, kisha asome.

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Abdullahi bin Umar (Mwenyezi Mungu awe radhi naye na baba yake) aliingia kwa Yahya bin Said, akamkuta kijana mmoja katika wana wa Yahya amemfunga kuku, amemfanya shabaha. Ibn Umar akaenda akamfungua. Kisha akamchukua yule kuku pamoja na yule kijana, wote wawili, akaja nao kwa watu wa nyumba, akawaambia wamkanye kijana wao, kwani alimsikia Mtume akikataza mnyama asifungwe ili auawe. Angalieni, ndugu zangu, kitendo cha sahaba huyu. Hakuona inatosha kupita akasikitika, wala hakuona inatosha kufungua kamba. Alimchukua aliyedhulumiwa na mwenye kudhulumu, akawaleta mbele ya wenye madaraka. Huruma yake ilikuwa na miguu na mikono. Ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila chakula, na ya mtu aliyesamehewa kwa sababu ya mbwa aliyemnywesha maji, hayo kila mtoto wa chuoni ayajua, sina haja ya kuyarefusha.

Wajibu wa kwanza uko juu ya mwenye mali. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika Minhaj kwamba mwenye mnyama ni lazima amlishe na kumnywesha. Naye akikataa, Kadhi humlazimisha mojawapo ya mambo matatu ikiwa mnyama ni wa kuliwa: amuuze, au amlishe, au amchinje. Jambo la nne, la kumtupa akafie mbele, halimo. Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 (1262), alipohesabu haki za wanyama juu ya wanadamu, alisema kwamba mnyama hulishwa hata akizeeka, au akiugua ugonjwa usiomwachia mwenyewe faida yoyote kwake. Akasema pia kwamba asichanganywe na atakayemdhuru, awe wa jinsi yake au wa jinsi nyingine.

Neno hilo la mwisho kila afugaye kuku alijua ukweli wake. Kuku mmoja akitoka damu, wenziwe humdona pale pale penye damu mpaka wamtoboe. Basi kazi ya kwanza ya mwenye kumwokota kuku mgonjwa ni kumtenga, na akifanya hivyo amekwisha kushika neno la Izzuddin hata kama hakupata kulisikia.

Amweke katika tenga lenye kupitisha hewa, mahali pa kivuli na kimya, mbali na paka na watoto. Chini atandike majani makavu, ayabadilishe kila siku. Kuku aliyepigwa na jua au aliyetoka damu huwa na kiu kuliko njaa. Walakini asimmiminie maji mdomoni kwa nguvu, kwani yataingia katika njia ya pumzi yamuue, na yeye akidhani amemhurumia. Achovye ncha ya mdomo wake katika maji, amwache ameze mwenyewe, kidogo kidogo, mara nyingi. Maji hayo yakitiwa chembe ya chumvi na sukari kidogo, ni bora zaidi. Chakula kije baadaye: chenga za mchele zilizopikwa zikalainika, au uji wa mtama. Asimshindilie. Apapase kwa vidole ule mfuko ulio chini ya shingo. Ukiwa bado umejaa na mgumu tangu jana, basi chakula hakikushuka, na kumwongeza ni kumwongezea taabu.

Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na chumvi yakapoa. Palipofungamana manyoya na damu papunguzwe kwa mkasi, pasing'olewe. Adui mkubwa hapo ni inzi, kwani hutaga katika kidonda, na baada ya siku moja huonekana funza. Kwa hiyo tenga lifunikwe chandarua au kitambaa chepesi, na kidonda kitazamwe asubuhi na jioni. Mguu uliovunjika hutiwa magango ya chelewa za mnazi, yaliyozungushiwa pamba na kitambaa, yasikazwe hata vidole vikavimba. Katika majuma matatu hivi mfupa hushika. Aliye karibu na mganga wa mifugo amwendee. Kumwendea si kupungukiwa na tawakuli.

Ama kuku aliyepinda shingo, anayehara kijani, anayepumua kwa shida, huyo yachelewa kuwa ana kideri. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya. Awekwe mbali kabisa na kuku wa nyumbani na wa majirani, na mwenye kumshika aoshe mikono kwa sabuni asiguse macho yake. Kinga yake ni chanjo, tone moja katika jicho la kuku angali mzima, tena hurejewa kila baada ya miezi michache. Mwenye kuku mia na mwenye kuku watatu, wote hawana udhuru wa kuiacha siku hizi.

Na hapa nataja jambo ambalo limekuwa ada sokoni mpaka watu hawalioni tena. Kuku hufungwa miguu kumi kwa pamoja, wakaninginizwa kichwa chini katika vipini vya baiskeli na pikipiki kutoka shamba mpaka mjini. Kuku hana utando wenye kutenga kifua na tumbo kama tulio nao sisi. Akiinamishwa, matumbo humlemea mifuko ya pumzi. Wengi katika hao wanaookotwa njiani, wamevunjika miguu na ndimi ziko nje, asili yao ni hiyo. Tenga la miwaa si ghali. Mwenye kununua naye, akimpokea kuku kwa miguu akaenda akimning'iniza mpaka nyumbani, ameshirikiana na muuzaji.

Wako pia wanaoogopa kumgusa kuku aliyekutwa njia panda, wakisema huenda ni kafara ya mganga, na atakayemshika atauchukua ugonjwa wa mtu. Hiyo ni khurafa, haina asili katika dini. Kuku huyo ni kiumbe mwenye kiu, basi.

Ikiwa hapana tamaa ya kupona, na mwenyewe amependa kumchinja ili aliwe, maulamaa wetu wametenga hali mbili. Aliyedhoofishwa na ugonjwa mtupu, hata akifikia pumzi za mwisho, akichinjwa angali hai ni halali. Ama aliyeraruliwa na cheche au paka, lazima awe na uhai uliotulia wakati wa kuchinjwa, na dalili yake ni kutupa viungo kwa nguvu au damu kuruka baada ya kisu kupita. Asipokuwa nao, ni mzoga. Na kisu kinolewe, na ikatwe njia ya pumzi na njia ya chakula, zote mbili. Lakini halali ya kuchinja haiondoi katazo la kula chenye madhara: ikijulikana kwa wenye ilimu kwamba nyama ile yadhuru, haifai kuliwa.

Tena kuku aliyeokotwa jaani huenda alikuwa akila najisi hata nyama yake ikageuka harufu. Huyo kwa kauli aliyoisahihisha Imam Nawawi ni makuruhu kuliwa, mpaka alishwe chakula safi na harufu imwondoke. Imepokewa kwamba Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu.

Sasa nije kwenye mas-ala yaliyonitoa wino. Niliulizwa katika darsa, baada ya Sala ya Laasiri, khabari ya watu wawili wa mtaa mmoja. Mmoja ni mzee mwenye kufuga. Tetea wake wa kishungi aliumizwa na cheche bawa na paja, akalala siku mbili hali, naye akamchukua akamtupa jaani. Kijana mchukuzi akapita akamwona angali akifumba na kufumbua macho, akaenda naye. Alimuuguza siku arubaini kwa mambo niliyoyataja, akanunua dawa kwa ujira wake wa kuchukua mizigo. Tetea akapona, akataga mayai kumi na moja. Kijana akauza manne, saba akamwachia alalie. Mzee akamwona kuku uani, akamjua kwa kishungi chake, akamdai.

Kijana akasema, "Mzee wangu, wewe ulimtupa."

Mzee akajibu, "Nilimtupa, mwanangu, lakini sikumpa mtu."

Wakagombana hata wakaacha kuamkiana, na watu wa mtaa wakawa makundi mawili. Na wengi walikuwa upande wa kijana.

Jawabu ni hili. Mas-ala haya wametofautiana wanavyuoni tangu zamani. Imam Ahmad asema kwamba mnyama aliyeachwa na mwenyewe mahali pa kuangamia, akahuishwa na mtu, amekuwa wa yule aliyemhuisha. Imam Malik asema ni wa mwenyewe, lakini amrudishie mwokozi alichotumia. Na madhehebu yetu ya Imam Shafii ni kwamba mnyama hatoki katika milki ya mwenyewe kwa kutupwa tu, na aliyemtumilia bila ya idhini ya mwenyewe wala ya Kadhi huhesabiwa kuwa amejitolea, hana pa kudai. Si kama masuke yaliyosalia shambani baada ya mavuno, ambayo ada yajulisha kwamba mwenyewe ameyasamehe. Lau mzee alisema wakati wa kutupa, "Atakaye na amchukue," mambo yangekuwa mengine, walakini hakusema. Basi tetea ni wa mzee, na mayai saba ni ya mzee kwa kuwa yametoka katika milki yake, na yale manne yaliyouzwa kijana atadaiwa badala yake.

Nilipofika hapo mzee alitabasamu, na kijana akainamisha kichwa. Nikawaambia wangoje, kwani hukumu ina upande wa pili. Kuwa kuku ni wa mzee ndiko huko huko kunakomtia mzee hatiani. Angekuwa si wake, asingekuwa na wajibu wa kumlisha. Kwa kuwa ni wake, zile siku arubaini zote zilikuwa deni juu yake yeye: maji, chakula na dawa. Alimtupa aliye katika dhima yake angali na roho, naye aliweza kumlisha, au kumuuza, au kumchinja. Deni hilo kijana amelibeba, wala Kadhi hana njia ya kumtoza mzee alipe lililokwisha kupita, hesabu yake iko kwingine, na huko hakuna kusema, "Nilimtupa." Na kijana asidhani amepoteza, maana Mtume amekhubiri kwamba katika kila chenye ini bichi mna ujira, wala hakushurutisha ini hilo liwe la kuku wako. Ujira ule aliupata siku ile aliyomwokota, kabla hajataga hata yai moja. Hao waliokuwa wakimtetea kwa kelele walikuwa wakimpigania mayai, na yeye alikwisha kupewa kikubwa kuliko mayai.

Mzee hakusema neno kwa kitambo. Kisha akauliza: ikiwa mtu ataka kumpa mwenziwe kuku wake, afanyeje ili iwe sahihi, pasizuke tena maneno baada ya kufa kwake?

Nikamweleza, nami naiandika hapa kwa kuwa wengi hawaijui. Hiba katika madhehebu yetu ina tamko na kupokea tamko na kushika. Mtoaji aseme, "Nimekupa kuku huyu." Mpokeaji aseme, "Nimekubali." Kisha akamate kwa idhini ya mtoaji, na akiwa kuku tangu zamani yuko mkononi mwake, bado idhini ya mtoaji yahitajiwa, kisha upite wakati ambao ungetosha kumwendea na kumshika. Mayai hayaingii katika hiba ya kuku mpaka yatajwe. Mayai saba yale yalitajwa. Ama manne yaliyouzwa, hayo ni deni, na deni halipewi hiba kwa mdaiwa ila huwa ni kumsamehe, na kusamehe hakuhitaji kukubaliwa. Mashahidi walikuwa ni watu wa darsa. Wallahu aalam.